Kwa Miguu kutoka Frere Town hadi Rabai

Ukisikia neno stesheni, msomaji wangu, bila shaka fikira zako hukimbilia garimoshi. Lakini huku kwetu Mombasa palikuwa na stesheni mbili zilizoitangulia reli kwa miaka mingi, nazo hazikuwa na chuma wala moshi. Wamisionari wa karne ya 19 ndio waliokuwa wakiviita vituo vyao kwa jina hilo. Stesheni ya kwanza ilikuwa Rabai, juu ya vilima, iliyoanzishwa mwaka 1846. Ya pili ilikuwa Frere Town, katika bara ya Kisauni, mkabala wa kisiwa, iliyoanzishwa karibu miaka 30 baadaye. Baina yake pana mwendo wa kilometa 20 hivi, au zaidi kwa mtu afuataye mizunguko ya njia. Nataka tuutembee mwendo huo pamoja, mimi na wewe, na kila tufikapo mahali pa kusimama tusimame.

Watu wa Ulaya hupenda kutembea mchana kutwa kandokando ya mifereji iliyochimbwa na babu zao, wakitoka stesheni hii na kuishia stesheni ile, wakipita vijijini. Sisi hatuna mfereji wa kuchimbwa. Wetu aliuchimba Mwenyezi Mungu: ni mkono wa bahari unaoingia bara upande wa kaskazini wa kisiwa cha Mombasa, ambao ramani huuita Tudor. Maji yake hujaa na kupwa mara mbili kila siku, na huko mwishoni mito ya Kombeni na Tsalu humwaga humo maji ya mvua yatokayo vilimani. Kabla ya barabara kuwapo, maji haya ndiyo yaliyokuwa barabara. Mtu wa Mombasa aliyekuwa na shughuli Rabai alingoja maji yajae, akapanda mtumbwi, akaachia bahari imsukume hadi karibu na vilima. Kisha akashuka na kupanda mlima kwa miguu. Mtu asiyekuwa na mtumbwi, au aliyekuwa hataki kuonwa ndani ya mtumbwi, alitembea. Habari za mtu huyo wa pili ndizo hasa ninazotaka kukusimulia.

Basi tuondoke mapema, jua halijawa kali. Tuanzie Nyali, penye daraja.

Leo jina la Nyali huwakumbusha watu mahoteli na majumba yenye bustani. Zamani si hivyo; sehemu kubwa ya nchi hii ilikuwa shamba la katani, na aliyetaka kuvuka kutoka kisiwani alivuka kwa chombo. Mwaka 1931 liliwekwa daraja la kuelea juu ya maji, nalo lilitumika kwa muda wa karibu miaka 50 hata daraja hili la zege likafunguliwa mwaka 1980. Simama kidogo katikati yake utazame. Nyuma yako ni kisiwa. Mbele ni bara. Upande mmoja maji yanaelekea bahari kuu, na upande wa pili yanajipinda na kupotea katikati ya mikoko. Huko yanakopotelea ndiko tuendako.

Kabla hatujashika njia, tukengeuke kidogo kuelekea ufukoni, mahali panapotazamana na Mji wa Kale. Hapo pana kaburi la mwanamke mmoja, Rosine Krapf, na la mtoto wake mchanga. Mumewe, Johann Ludwig Krapf, alikuwa Mjerumani aliyetumwa na chama cha kimisionari cha Kiingereza kiitwacho Church Missionary Society. Walifika Mombasa mwaka 1844. Na mwezi wa Julai mwaka uo huo homa ikamwua mama, na siku chache baadaye mtoto naye akafa. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kitandani kwa homa hiyo hiyo. Hata leo wengi humjua Krapf kwa kuwa alikuwa Mzungu wa kwanza kuandika habari za kuuona mlima wa Kenya, mwaka 1849, na kwa kamusi yake kubwa ya Kiswahili iliyochapishwa mwaka 1882, alipokwisha kufariki. Mimi nimekuleta hapa kwa sababu nyingine. Kaburi hili lilikuwapo katika ufuko huu miaka 30 kamili kabla ya Frere Town. Waliokuja baadaye kujenga kijiji chao walikuta tayari mtu amelala hapa.

Sasa turudi njiani, tupande hadi Kengeleni.

Niliwahi kuwauliza wanachuo wangu, ambao siku si nyingi watakuwa walimu, kwa nini mahali hapa paitwe Kengeleni. Wengi walikuwa wamepita hapo maisha yao yote, wakishuka na kupanda magari, na hawakuwa wamejiuliza. Jibu limetundikwa hapo hapo njia panda, juu ya nguzo zake: ni kengele ya Frere Town. Masimulizi yajulikanayo zaidi husema kwamba kengele hiyo ililizwa kuwaonya watu kila walipoonekana wateka watumwa, ili kila mmoja akimbilie usalama. Sina haja ya kuyakanusha masimulizi hayo. Lakini usisahau kwamba katika stesheni za namna hii kengele ilikuwa na kazi nyingine za kila siku: iliwaamsha watu, iliwapeleka shambani, iliwaita shuleni na kanisani, na iliwaambia saa ya kulala. Watu waliotoka katika kufuata sauti ya bwana walijikuta wakifuata sauti ya kengele. Shika neno hilo moyoni, maana litatufaa mbele.

Nani walikuwa watu hao? Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kuufunga mnada wa watumwa na kukataza watumwa wasisafirishwe baharini. Aliyetumwa na serikali ya Uingereza kumshurutisha alikuwa Sir Bartle Frere, na kwa jina lake kijiji kikaitwa. Manowari za Kiingereza zilizidi kuvikamata vyombo vilivyobeba watumwa kwa magendo, na kila chombo kilipokamatwa lilizuka swali gumu: watu hawa wapelekwe wapi? Walikuwa Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengine wa nchi za mbali za kusini. Kuwarudisha makwao hakukuwezekana, kwani njia ilijaa wale wale waliowateka. Mwishoni mwa mwaka 1874 akaja Mombasa William Salter Price. Mwaka uliofuata shamba likanunuliwa hapa Kisauni, na watu waliotolewa majahazini wakaanza kuletwa.

Price hakufika mahali patupu, wala hakufanya kazi na Wazungu peke yao. Miaka mingi kabla ya hapo alikuwa akisimamia makao ya vijana wa Kiafrika huko Nasik, katika Bara Hindi, si mbali sana na Bombay. Vijana hao pia walikuwa wameokolewa majahazini, wakapelekwa Bombay, wakafundishwa kusoma, useremala, uhunzi na Kiingereza. Waliporudi Afrika watu waliwaita Wabombay. Wawili kati yao, William Jones na Ishmael Semler, walifika Rabai mwaka 1864, yaani miaka 10 kabla ya Frere Town kuzaliwa. Mwingine aliyetoka Nasik ni Jacob Wainwright, aliyekuwa miongoni mwa waliouchukua mwili wa Livingstone hadi pwani, na ambaye aliusindikiza mpaka Uingereza ukazikwa mwaka 1874. Ukisoma kwamba Wazungu walianzisha shule na vijiji vya watu huru hapa pwani, kumbuka kuuliza ni nani aliyekuwa akifundisha katika shule hizo, na ni nani aliyepiga misumari katika milango yake.

Frere Town ikakua. Kila jamaa ilipewa kiwanja na kipande cha ardhi ya kulima. Kwa kuwa hapakuwa na lugha moja ya asili kati yao, walisema Kiswahili. Watoto wao wakazaliwa nacho, kikawa lugha ya mama. Mmoja wa waliozaliwa katika jamaa hizo, James Mbotela, aliandika kitabu kiitwacho Uhuru wa Watumwa, kilichotoka mwaka 1934 na kusomwa katika shule nyingi za Afrika Mashariki. Kitafute ukisome, ni moja ya simulizi chache tulizo nazo zilizoandikwa na mtoto wa mtu aliyekuwa ndani ya jahazi. Isipokuwa nakuonya jambo moja: Mbotela aliwasifu Waingereza bila kiasi, na hukusudia kuwashukuru zaidi kuliko kuwahoji. Kazi ya kuhoji ametuachia sisi.

Na yapo ya kuhoji. Msimamizi mmoja wa kijiji hiki, J. R. Streeter, alitawala kwa fimbo. Watu walichapwa na kufungwa, hata habari zikawafikia wakubwa wa serikali ya Kiingereza huko Unguja. Mwaka 1881 mambo yake yakachunguzwa, akaondolewa, na Price akarudishwa ili kutengeneza yaliyoharibika. Fikiri, msomaji: mtu ametekwa kwao, ametembezwa hadi pwani na mti shingoni, ametiwa jahazini, ameokolewa na manowari, ameambiwa kwamba sasa yu huru, kisha anafungwa mtini na kupigwa viboko na msimamizi wa kijiji cha uhuru. Si watu wote wa misheni waliokuwa hivyo, wala si miaka yote. Lakini lilitokea, nasi hatuna budi kulitaja, la sivyo hatuandiki historia bali tunaandika barua ya sifa.

Lilikuwapo na jambo la pili, gumu kuliko la Streeter. Mkataba wa 1873 ulikataza biashara ya baharini. Haukufuta utumwa wenyewe. Mtu aliyenunuliwa zamani, akawa analima shamba la bwana wake hapa Mombasa, Takaungu au Malindi, sheria ilimhesabu mtumwa vile vile. Aliyetolewa jahazini na Waingereza alikuwa huru. Aliyetoroka kwa miguu yake mwenyewe hakuwa huru, alikuwa mtoro, na bwana wake alikuwa na haki ya kumdai. Hivyo watu wawili waliotekwa kijiji kimoja, siku moja, wangeweza kuonana hapa Kengeleni, mmoja raia na mwingine mali ya mtu. Wamisionari waliahidi mara kwa mara kwamba hawatawaficha watoro, na mara nyingine waliwarudisha. Hata hivyo watoro hawakuacha kuja, na mwaka 1880 wenye watumwa walighadhibika hata wakatishia kuivamia Frere Town.

Mtoro angefanya nini basi? Frere Town ilikuwa karibu mno na mji. Kutoka ng'ambo bwana wake angeweza karibu kumwona akilima. Ilimpasa asonge mbele, afike Rabai, mahali ambapo bahari imekwisha na vilima vimeanza. Na sisi tusonge mbele.

Tuiache Kengeleni, tupite Kongowea penye soko kubwa. Jina hili la Kongowea ni la kale sana. Ni mojawapo ya majina ya Mombasa yenyewe, na wazee husimulia juu ya malkia Mwana Mkisi aliyetawala mji huo zama hizo. Leo utakuta hapa magunia ya viazi, vitunguu na machungwa, na wachukuzi wapigao kelele wapishwe. Wapishe. Kisha tushike njia ya Kisauni, twende Junda na Mishomoroni. Nyumba sasa zimesongamana mahali palipokuwa na minazi na miembe, na njia ya zamani huwezi kuifuata hatua kwa hatua. Lakini kila unaposhuka kuelekea maji unakutana tena na mikoko, nayo haijabadilika sana.

Tukae hapa kivulini kidogo. Utazame ukingo huu maji yanapopwa. Matope yanafunguka, meusi, na mizizi ya mikoko imesimama juu kama miguu ya kaa. Kaa wenyewe wanatoka mashimoni. Kwa msafiri wa mtumbwi, kupwa ni taabu, kwani chombo hukwama. Kwa mtoro, kupwa kulikuwa na faida na hatari pamoja: mitumbwi ya kumfuatia haikuweza kumkaribia, lakini naye matope yalimshika mpaka magotini. Hatuna maandishi ya watoro wenyewe yanayotueleza ni nani alipita wapi. Tuna hesabu tu zilizoandikwa baadaye, na tuna nchi yenyewe, hii tunayoitazama. Mtu mzima aliyeijua njia angeweza kufika kwa usiku mmoja. Mama mwenye mtoto mgongoni, asiyeijua njia, anayejificha kila asikiapo sauti, sidhani.

Tazama ng'ambo ya maji, upande wa magharibi. Huko ni Jomvu, mji wa Waswahili wa zamani. Wajomvu ni mmojawapo wa Tisa Taifa za Mombasa. Hao ndio waliokuwa wakifanya biashara na Warabai na Wamijikenda wengine walioshuka na nafaka, pembe za ndovu na sandarusi, wakarudi na nguo na chumvi. Usidhani basi kwamba mkono huu wa bahari ulikuwa mpaka kati ya maadui. Watu waliuvuka kila siku, walikopeshana, walioana. Na penye kukopeshana pana rehani: miaka ya njaa baba alimweka mtoto wake kwa tajiri wa pwani apate nafaka, akitumaini kumkomboa baada ya mavuno. Mavuno yasipokuja, mtoto hakurudi. Kwa hiyo si watumwa wote waliotoka nchi za mbali. Wengine, wakipanda juu ya mnazi wa bwana wao, waliweza kuviona vilima vya kwao.

Njia sasa inaacha mitaa na kuingia mashambani, kuelekea kichwani mwa mkono wa bahari. Hapa mashamba ya mahindi na mihogo yanapokezana na vichaka. Ardhi inaanza kuinuka, na hatua zako utazisikia magotini. Mwezi wa Agosti 1846 Krapf alipanda vilima hivi pamoja na mwenziwe mpya, Johannes Rebmann, aliyekuwa amewasili miezi miwili tu kabla. Wote wawili walikuwa na homa, nao walikuwa na punda mmoja, wakawa wanapokezana kumpanda. Tarehe 25 ya mwezi huo wakafika Rabai na kuanzisha stesheni. Vitabu vingi huandika hivyo na kuishia hapo, kana kwamba kilima kilikuwa kinawangoja wao. Kilima kilikuwa na wenyewe. Krapf alikuwa amekwisha kupanda mara nyingine kuzungumza na wazee wa Rabai, na ni wao waliokubali wageni hawa wajenge. Bila neno la wazee pasingekuwa na stesheni, wala mahali pa watoro kukimbilia baadaye.

Na wazee hao walikuwa watu wa kaya. Ukiona kwenye kilima msitu mnene uliosimama peke yake, umezungukwa na mashamba yasiyo na miti, tambua kwamba hiyo ndiyo kaya, kijiji cha asili chenye ngome ya miti, mahali pa makaburi na viapo. Usiingie bila ruhusa, wala usivunje hata kijiti. Misitu ya kaya za Mijikenda iliandikwa mwaka 2008 katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na kaya za Warabai zimo ndani yake. Wao wenyewe waliingia humo zamani wakiwa wakimbizi, kwa mujibu wa masimulizi yao ya kutoka Shungwaya. Huenda mtu mwenye babu waliokimbia hasikii ajabu sana amwonapo mtu mwingine akija mbio; nasema huenda.

Tumefika. Hii ni Rabai. Utaona kanisa, shule, makumbusho yaliyo chini ya Makumbusho ya Taifa, na nyumba zikumbukwazo kwa majina ya Krapf na Rebmann. Pumzika, unywe maji, kisha nikueleze yaliyopata kutokea hapa.

Rebmann ndiye aliyekaa sana. Mwaka 1848 alitoka hapa kwa miguu akauona mlima wa Kilimanjaro na theluji yake, na wataalamu wa London waliosoma habari hizo walimcheka wakisema theluji haiwezi kuwapo chini ya jua la ikweta. Aliishi Rabai hadi 1875, akawa kipofu. Kati ya kazi zake nyingi ni kamusi ya lugha ya Kinyasa, na aliyemfundisha lugha hiyo alikuwa mtumwa wa Mombasa jina lake Salimini. Kamusi ilichapishwa mwaka 1877, Rebmann amekwisha kufa. Salimini alikuwa ametolewa kwao, nchi ya Nyasa, asiirudie tena; lakini maneno ya kwao aliyachukua kichwani yote, akayakalisha juu ya karatasi ya mtu mwingine.

Kisha ni William Jones. Mtu huyu, aliyetekwa utotoni na kusomeshwa Nasik, alitumika Rabai miaka mingi. Mwaka 1885 Askofu James Hannington alimpa daraja la ushemasi pamoja na Semler, na mwezi wa Julai akaondoka naye kwa safari ya Uganda kupitia nchi ya Wamasai. Askofu alimwacha Jones na msafara Kwa Sundu, mahali paitwapo leo Mumias, yeye akatangulia na watu wachache. Akauawa Busoga mwezi wa Oktoba kwa amri ya Kabaka Mwanga. Jones alingoja, akapata habari, akawarudisha wapagazi waliobaki kwa miguu njia yote ile. Mwanzoni mwa 1886 msafara uliingia Rabai ukitanguliwa na bendera ya buluu iliyoandikwa neno moja la Kiebrania kutoka katika Biblia, Ikabodi, maana yake utukufu umeondoka. Waliobaki walikuwa wamechakaa na wengi wao matambara matupu.

Huyo ndiye aliyekuwa akiisimamia Rabai wakati watoro walipokuwa wakija kwa wingi. Walijenga pembezoni mwa kijiji, wakalima, wakaingia kanisani, wakaoa. Wakubwa wa misheni walikuwa wametoa ahadi kwamba jambo hilo halitakuwapo. Jones alijua. Kwa maoni yangu aliona vizuri tofauti ile niliyokueleza pale Kengeleni, kati ya aliyeokolewa na manowari na aliyejiokoa, akaiona haina maana. Yeye mwenyewe alikuwa wa kundi la kwanza. Hakukubali kulifungia mlango kundi la pili.

Mwaka 1888 mambo yakafika kikomo. Kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki, iliyoitwa Imperial British East Africa Company, ilikuwa imepata hati yake ya kutawala, na wakati huo huo wenye watumwa wa pwani walikuwa wameungana kudai watoro wao. Ilisemekana wangepanda Rabai kwa silaha. Price, aliyekuwa amerudi tena, alipofanya hesabu alikuta watoro kwa mamia katika stesheni iliyokuwa imeahidi kutowaficha. George Mackenzie wa Kampuni aliona kwamba hawezi kuwarudisha pasipo fujo, wala hawezi kuwanyang'anya mabwana pasipo vita, basi akalipa. Alitoa fidia kwa kila mtoro, wa Rabai na wa stesheni za Wamethodisti za huku jirani, Ribe na Jomvu. Walikuwa zaidi ya watu 1,400. Tarehe 1 Januari 1889 hati za uhuru ziligawiwa hapa hapa Rabai, kila mtu akaitwa kwa jina lake akapokea yake.

Wako wanaosema siku hiyo Kampuni iliwapa watu hao uhuru. Mimi nasema uhuru walikuwa nao tangu usiku walipoufuata kupitia mikoko. Siku hiyo walipewa karatasi. Lakini sitaki kuidharau karatasi. Mtu ambaye kwa miaka kadhaa amelala akisikiliza hatua za watu usiku, akipata cheti chenye jina lake ambacho bwana wake hawezi kukipinga, analala usingizi wa namna nyingine. Na waliochelewa kukimbia hawakupata kitu. Iliwapasa wangoje hadi mwaka 1907, sheria ilipoacha kuutambua utumwa katika pwani ya Kenya.

Frere Town nayo iliendelea kutoa watu: makarani, waalimu, mafundi, wakalimani. Chuo cha kuwafundisha makasisi kilianzishwa pale mwaka 1903, kikahamishiwa Limuru mwaka 1930. Lakini njia hii tuliyoipita ilikuwa imekwisha kupoteza wasafiri wake. Mwaka 1896 reli ilianza kujengwa kutoka kisiwani, nayo ilipita upande wa pili, Makupa na Changamwe, ikapanda hadi Mazeras, mwendo mfupi tu kutoka hapa Rabai. Tangu hapo aliyetaka kuja Rabai alikuja kwa garimoshi hadi Mazeras, na mitumbwi ya Wajomvu ikabaki na wavuvi.

Na sisi tutashukia huko huko Mazeras, maana jua limeelekea magharibi na miguu imechoka. Leo magari hupita barabara kuu usiku na mchana, hutakosa moja la kukurudisha mjini. Kaa dirishani, upande wa kushoto. Mkipita Jomvu na Mikindani utaona maji yanang'aa kule bondeni, na mikoko, na ng'ambo yake nyumba za Kisauni tulizozipita asubuhi.